Mashine Haiwashwi kwa Debe Moja

Uziwi wa Isdori haukuwa wa kuzaliwa, wala haukuwa wa kutupiwa na mtu, ingawa kijijini walikuwepo waliolipenda zaidi hilo la pili kwa kuwa lina utamu wa kusimulia. Ulikuwa uziwi wa kazi. Miaka thelathini na mmoja alisimama kando ya mashine ya kusaga pale Laela, mashine ya dizeli iliyofungwa ndani ya chumba cha bati chenye dirisha moja, na mashine ile ikamla masikio polepole. Zilianza kupotea sauti za watoto. Zikafuata za wanawake. Alipostaafu, kama kurudishwa nyumbani bila hata kofia kunaitwa kustaafu, alikuwa anasikia radi, kengele ya kanisa na kelele za karibu tu, tena kengele mpaka awe karibu nayo.

Mwenye mashine alikuwa mzee Adolfu, mtu wa Sumbawanga mjini, aliyeionea dizeli uchungu kuliko alivyomwonea binadamu. Sheria yake ilikuwa moja na kila mteja aliijua: mashine haiwashwi kwa debe moja. Kule kuwasha tu, alisema, kunakunywa mafuta. Kwa hiyo aliyekuja na debe lake peke yake alikaa kwenye ngazi akangoja wenzake, na yalipofika madebe matano au sita ndipo Isdori aliposhika hendeli na kuizungusha. Sheria ya Adolfu ikawa sheria ya Isdori. Ikamwingia mwilini, akawa anaitumia hata pasipo na mashine. Hakwenda dukani kwa ajili ya kiberiti kimoja. Hakupanda baiskeli kwenda Laela kwa shida moja, alingoja zifike tatu. Akiba haiozi, alipenda kusema, na sijui ni nani aliyemfundisha methali hiyo akasahau kumfundisha na ile ya ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mara moja tu katika maisha yake aliivunja sheria hiyo. Alikuja Laela msichana mmoja wa Ilemba, kule bondeni, anaitwa Coleta, kukaa kwa shangazi yake. Alifika mashineni na debe la ulezi, akaambiwa angoje, akakaa kwenye ngazi tangu asubuhi mpaka jua la utosi akiongea na kila aliyepita. Wiki ya pili ikawa vilevile. Wiki ya tatu alipofika hapakuwa na mteja mwingine. Isdori alimtazama, akatazama njia kama Adolfu haji, akashika hendeli. Akaiwasha kwa debe moja. Adolfu alipopata habari alimfokea mbele za watu mpaka mate yakamtoka, lakini posa ilipopelekwa kwa shangazi, jibu lilikuwa limeshakaa tayari. Coleta alizoea kuwasimulia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba mwanamume akikuwashia mashine peke yako, hakuna tena cha kuuliza.

Na huyo Coleta alikuwa msemaji. Si msengenyaji, maana msengenyaji huchagua watu. Yeye alisema na wote, na kuku, na moto uliokataa kuwaka. Fikiria basi uziwi ulipoingia katika nyumba hiyo, mmoja ana maneno na mwenzake hana mahali pa kuyaweka. Ili mumewe amsikie ilimpasa apige kelele, na kelele za Coleta zilifika mpaka kwenye boma la jirani yao Minza, mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi, hatua kama mia mbili kutoka kwao. Coleta akimwambia mumewe chumvi imekwisha, Minza alileta chumvi. Walicheka sana kwa hilo. Lakini si kila neno la mtu na mumewe ni la chumvi, na yale mengine Coleta alijifunza kuyameza. Miaka kumi waliishi kwa kuonyeshana vidole.

Krismasi ya miaka mitatu iliyopita, mtoto wao mkubwa, Calvin, fundi simu huko Tunduma, alikuja na kifurushi. Ndani mlikuwa na hedifoni zisizo na waya, nyeusi, za kufunika sikio lote, pamoja na simu kubwa. Aliwaeleza kuwa simu inawekwa mbele ya mtu anayesema, yenyewe inaidaka sauti, inaikuza na kuituma masikioni. Isdori alizivaa kwa mashaka, kama mtu anayejaribu kofia ya marehemu. Coleta alikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, simu ikiwa mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Baba Calvin, unanisikia?"

Isdori akalia. Alilia mbele ya watoto wake, mzee mzima, machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu. Alipoweza kusema, alimwambia mkewe kuwa sauti yake imezeeka. Coleta akacheka, akamjibu kuwa na yeye sura yake haikubaki ile ya Laela. Usiku ule hawakuhitaji redio.

Kabla ya kuondoka Calvin aliwaachia maelekezo. Hedifoni zizimwe zisipotumika. Zisiachwe kwenye chaji usiku kucha. Zisikauke chaji kabisa, na zisikae kwenye baridi kali, maana betri haipendi baridi. Yote hayo yalikuwa maelekezo mazuri. Kisha, akiwa ameshapanda pikipiki, akaongeza neno ambalo heri angelimeza. Alisema betri hizi zina umri, na kila zikichajiwa zinapungua kidogo. Ni kweli tupu. Lakini Isdori alisikia neno hilo moja kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu alikuwa amelisikia zamani, kwa Adolfu, kuhusu dizeli.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na taabu. Hedifoni zilikaa na chaji tangu asubuhi mpaka jioni, na Isdori alisikiliza mpaka akachoka. Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapouma hata ndani ya nyumba, alizitia ndani ya sweta, chini ya kwapa, zisipoe. Alipolala alizilaza katikati, baina yake na mkewe, chini ya blanketi. Coleta akazipa jina, akaziita mke mdogo. Hakulitoa hewani jina hilo, kwa kuwa ndani ya hedifoni mlikuwa na mwanamke kweli. Chaji ikikaribia kwisha, sauti nyororo ya kike ilisema maneno mawili ya Kiingereza katika masikio ya Isdori, ikakaa kidogo, ikayarudia. Isdori Kiingereza hakukijua, ila maana aliijua vizuri, na hapo hapo mkono wake ulikimbilia kitufe cha kuzima.

Coleta, akimwona anakimbilia kitufe, alimuuliza mumewe kabla hajazima: mke mdogo amesema nini leo? Naye alimjibu kuwa amesema anakwenda kulala.

Mwaka wa pili mke mdogo alianza kuchoka mapema. Ikawa nusu siku, ikawa saa tatu, na mvua za mwaka huu zilipoanza ikawa saa moja na kitu. Umeme wa nguzo ulikuwa umeishia shuleni, haujafika upande wao. Walikuwa na paneli ndogo juu ya bati, na mtu yeyote wa Ufipa atakwambia kuwa kuanzia Desemba wingu likikaa juu ya mlima halina haraka ya kuondoka. Jua likitoka kidogo, simu na hedifoni viligombania jua hilo hilo. Isdori alilitazama jambo hilo kwa siku kadhaa, akapiga hesabu zake kama fundi, akatoa sheria. Hedifoni zitawashwa Jumamosi jioni kwa ajili ya maneno ya nyumbani, na Jumapili kwa ajili ya mahubiri. Siku nyingine zitafungwa kwenye kipande cha kitenge na kuwekwa ndani ya kopo juu ya kabati.

"Mama Calvin," alisema kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "maneno yako uwe unayakusanya. Mashine haiwashwi kwa debe moja."

Coleta alicheka alipoisikia sentensi hiyo, maana ilimrudisha kwenye ngazi za Laela. Kisha alipoona mwenzake hatanii, akakubali. Kwa kuwa aliogopa kusahau, alichukua kikombe cha bati kilichobanduka rangi, akakiweka kwenye rafu juu ya jiko. Kila alipopata neno la kumwambia mumewe alitia mbegu moja. Punje ya hindi ilikuwa jambo la nyumbani, kama vile paa linavuja au mbuzi hali. Harage lilikuwa habari ya watu. Jumamosi jioni alikaa kwenye kigoda, akaweka simu kando yake, akamimina mbegu kwenye mapaja yake na kuziokota moja moja. Hili ni la Zenon fundi seremala, kaposa tena na hajamaliza mahari ya kwanza. Hii ni ya mlango wa stoo. Akimaliza neno, mbegu inarudi kwenye ungo.

Nisiwe mnyimi: zilikuwa jioni nzuri. Isdori alizingojea wiki nzima. Alinyoa ndevu Jumamosi mchana kama mtu anayekwenda kutembelea. Ila maneno si ulezi, hayakai ghalani. Kichekesho cha Jumanne kilifika Jumamosi kimeshachacha, na mara nyingine Coleta aliinua harage, akaligeuzageuza mwangani, akasema hili nimelisahau, akalirudisha kwenye ungo bila neno. Isdori hakulihesabu hilo kuwa hasara. Aliangalia taa ndogo ya hedifoni tu, kama bado ni ya kijani.

Ikafika wiki ile ya Machi.

Jumatatu Coleta alimwonyesha kwa mkono kuwa anakwenda njia ya Laela, akarudi alasiri akitembea pole pole. Isdori alidhani ni mambo ya jumuiya. Jumanne mvua ilinyesha kutwa. Jumatano nayo ikanyesha, na Isdori alikaa mlangoni akitengeneza mpini wa jembe. Coleta akaja, akachuchumaa mbele yake na kumgusa goti. Akaonyesha sikio lake, kisha akaonyesha kabati. Midomo yake ilisema kitu, polepole, bila kupiga kelele, na macho yake hayakuwa na utani.

Isdori alitazama nje. Wingu lilikuwa limekaa juu ya mji kwa siku ya tatu. Hedifoni zilikuwa na chaji ya kufikia Jumamosi tu, na Jumapili ilikuwa na mahubiri ya Kwaresima. Akainua vidole vitatu, akavikunja kimoja kimoja: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

"Jumamosi, mama," alimwambia. "Si mbali."

Coleta alibaki amechuchumaa kidogo. Kisha akashika fremu ya mlango, akainuka, akaenda kwenye rafu. Isdori alimwona akitia kitu kikombeni lakini hakuona ni kitu gani. Halafu mama wa watu akaenda kuchochea moto.

Ijumaa mvua ilikata. Walikwenda shamba kupiga intumba, yale matuta ya duara ya Kifipa ambayo nyasi hufukiwa ndani zioze, yapandwe maharage. Coleta alianzia upande wa chini, Isdori upande wa juu, kiasi cha hatua thelathini baina yao, kila mmoja akimpa mwenzake mgongo. Udongo ulikuwa mzuri, umelowa vya kutosha. Isdori alikuwa kwenye tuta lake la nne alipomwona Minza anakuja mbio kutoka bomani kwake. Alikimbia mama yule wa makamo, kanga imemshuka, akampita Isdori karibu kabisa bila salamu wala kumtazama. Isdori akacheka. Alidhani ng'ombe wameingia kwenye maharage ya mtu na Minza anawahi kabla mwenye shamba hajafika.

Kisha akageuka kuona ng'ombe wako wapi.

Coleta alikuwa ameanguka juu ya tuta ambalo hakulimaliza, na Minza alikuwa amempakata kichwa. Isdori alifika pale na jembe lake bado mkononi. Mkewe alimtazama, midomo ikacheza kidogo, ikaacha. Pikipiki ilipopatikana na kuletwa mpaka shambani, dereva alishuka, akavua kofia, hakuiwasha tena.

Msiba ulikuwa mkubwa, kwa sababu aliyekufa alikuwa amesema na kila mtu. Calvin alifika kutoka Tunduma siku hiyo hiyo. Jane, binti yao aliyeolewa Kipili, alifika kesho yake na fungu la samaki wa migebuka waliokaushwa, macho yamevimba. Calvin alizitoa hedifoni koponi, akazichaji kwenye gari alilokuja nalo, akamvalisha baba yake ili asikie sala. Na Isdori akasikia. Alisikia nyundo ikipiga misumari ya jeneza nyuma ya nyumba, akasikia vilio vya wanawake, akasikia udongo wa kwanza ukianguka juu ya mbao. Chaji ilitosha yote hayo, na ilibaki.

Jioni ya mazishi alimwita Minza akae karibu. Alitaka kujua kitu kimoja tu, yeye alijuaje. Bomani kwake ni mbali, na yeye Isdori alikuwa hatua thelathini tu.

Minza aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi.

"Aliita, baba," alisema. "Aliita Baba Calvin. Mara mbili."



Siku ya tatu alikuja Bertilla, muuguzi wa zahanati, akiwa na gauni la kazi chini ya koti. Aliwasalimia watu, akaomba kusema na mzee faragha. Calvin aliweka simu mapajani mwa muuguzi, akabaki amesimama mlangoni. Bertilla alisema shikamoo na Isdori akaitikia marahaba. Akampa pole. Kisha akawa anakunja na kukunjua pindo la koti lake.

"Baba, mama alikuja kwetu Jumatatu," alisema hatimaye. "Alikuwa na shida ya moyo. Nilimwandikia barua ya hospitali, Sumbawanga. Nikamwambia asikae, aende kesho yake, tena asiende peke yake, aende na wewe. Akaniambia atakwambia Jumamosi."

Isdori alizikaza hedifoni masikioni.

"Nikamuuliza kwa nini mpaka Jumamosi. Akasema ndiyo siku mashine inawashwa." Bertilla akajifuta macho kwa kiganja. "Mimi nilidhani mna mashine ya kusaga, baba. Nilidhani hamuwezi kuiacha. Nilimwambia tena aende upesi, akaitikia, akaniaga vizuri."

Mtu wa nje anaweza kuuliza mbona Coleta hakupiga kelele. Angepiga, Isdori angesikia, na Minza angesikia, na wachungaji wa Minza, na jioni kijiji kizima kingejua kuwa Mama Calvin ana moyo mbovu na kingekuja kumtazama. Kwake yeye ugonjwa lilikuwa jambo la kumwambia mumewe kwanza, kwa sauti ya chini, wakiwa wawili. Miaka kumi aliyameza maneno ya namna hiyo kwa kukosa njia. Njia ilipopatikana, alikubali kuingojea, maana alikuwa ameolewa na mtu wa kungoja na alimjua tangu kwenye ngazi. Nadhani pia aliona siku tatu si nyingi. Nani kati yetu huziona nyingi?

Bertilla alipoondoka Calvin alifunga mlango. Hapo ndipo alipoelewa habari ya kopo, na ya Jumamosi, na ya kikombe, maana baba yake alimweleza yote bila kujitetea. Calvin alisikiliza mpaka mwisho huku ameshika kichwa.

"Baba, kwa nini hukuniambia betri imechoka? Hizi zimejaa Tunduma, kila meza inaziuza. Ningekutumia nyingine kwa basi, ungezichukua Laela siku hiyo hiyo."

"Sikutaka kukupigia kwa jambo moja," Isdori alimjibu. "Nilikuwa nangoja yafike mawili matatu."

Calvin alitoka nje. Watu waliokuwa kwenye turubai walimwona akipita mpaka nyuma ya zizi la mbuzi, akakaa huko mpaka chai ilipoandaliwa. Hakumlaumu baba yake tena, wala hakuweza kumfariji. Siku ya kuondoka alimwachia hedifoni mpya zilizokuja kwa basi, ndani ya boksi lake, na betri kubwa ya sola, na kwa mara hii hakutoa maelekezo yoyote.

Matanga yakaanuliwa. Jane alibaki siku mbili kufua na kusafisha. Alipofika kwenye rafu ya jikoni akachukua kile kikombe cha bati ili akioshe, na baba yake, aliyekuwa amekaa hapo tangu asubuhi, alimnyang'anya kwa nguvu iliyomshtua.  Jane alizunguka upande wa pili akaendelea kuosha sufuria.

Ndani ya kikombe mlikuwa na punje nne za mahindi, maharage matatu, na mbegu moja ya boga. Mbegu ya boga Isdori hakuwahi kuiona humo hata siku moja. Coleta aliitafutia neno hilo mbegu yake peke yake.

Neno la ile ya boga Isdori alishalijua. Zile saba ndizo zilizomsumbua. Aliwaza mpaka kichwa kikamuuma, akaenda kwa Minza na kumwomba amwambie habari zote za watu za wiki ile. Minza, kwa huruma, alimtafutia: Zenon amerudishiwa posa, na Sayi, binti wa Minza mwenyewe, amepata mtoto wa kike. Maharage mawili yakapata wenyewe. La tatu halikupatikana. Na hata hayo mawili, alipoyasikia kwa Minza, yalikuwa habari tu; hayakuwa na ule utani wa katikati wala kile kikohozi cha mwisho kabla ya kucheka.

Jumamosi Jane alipanda basi kurudi Kipili. Isdori akamsindikiza, akarudi, akanyoa ndevu. Hakujua ni kwa nini ananyoa. Jioni, mvua ikiwa imeanza tena, aliwasha moto mwenyewe na kuuharibu, ukatoa moshi mwingi. Boksi la hedifoni mpya alilitazama, akaliacha. Alifungua kopo, akatoa zile za zamani kwenye kitenge chao, akaweka simu juu ya kigoda cha Coleta, akakaa mahali pake pa siku zote. Akawasha.

Alisikia mvua juu ya bati, tone kwa tone. Alisikia kuni zikipasuka. Alisikia pumzi zake mwenyewe, nzito, za mtu mzee, na akashangaa kuwa huyo mwanamke aliishi na pumzi hizo miaka yote asilalamike. Alimimina mbegu kwenye mapaja yake. Aliokota punje ya kwanza ya hindi, akaiinua mwangani kama alivyokuwa akifanya mwenzake, akangoja. Akaiweka kwenye ungo. Akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu na ya nne, na kwa maharage, akiipa kila moja muda wake, hata lile lisilo na mwenyewe. Mwisho ikabaki mbegu ya boga.

Hapo ndipo siku ile ya Laela ilipomrudia, jinsi alivyotazama njia, akaona hakuna mtu, akashika hendeli. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, anamwogopa Adolfu kuliko Mungu, na aliiwasha. Jumatano hapakuwa na Adolfu. Adolfu amekufa zamani. Jumatano walikuwa wawili tu mlangoni, yeye na mkewe, na kopo juu ya kabati, na neno moja.

Masikioni mwake, sauti nyororo ya kike ikasema maneno yake mawili ya Kiingereza.

Mkono wa Isdori uliinuka wenyewe kuelekea kitufe, ukafika nusu ya njia, ukashuka. Alimwacha aseme. Mke mdogo akasema mara ya pili, na baada ya muda mara ya tatu, kisha akanyamaza, na mvua ikanyamaza pamoja naye, na kuni, na pumzi. Isdori akabaki amekaa mbele ya kigoda, hedifoni zikiwa bado masikioni na mbegu ile ya boga mkononi.